Mpira wa Kuzuia Ruba

Wakati mwingine binadamu humtafuta adui kwa jirani, kumbe amemfunga mwenyewe mwilini.

Asubuhi ile majaruba ya Michenga yalijaa maji, na maji yalijaa kivuli cha mbingu. Levina alipita juu ya mawingu na miche ya mpunga mkononi, asijue kama unyayo wake wa kulia umegusa tope. Mguu huo ulikuwa umekufa ganzi tangu wiki iliyopita. Mara uliwaka kama uliopakwa pilipili, mara ukawa mwepesi kama pamba, kama si wake.

"Balbina kachota udongo wa unyayo wangu aniloge," aliwaza.

Balbina alikuwa jirani aliyepandikiza naye kila msimu, leo kwako, kesho kwangu. Waligombana juu ya maji ya mfereji, na Levina akamkataza kukanyaga shambani kwake. Sasa miche ilikuwa inazeeka kitaluni, na peke yake asingeimaliza. Watoto wangekula nini mwaka huu?

Akainua mguu. Mguu haukumjibu. Akaanguka chubwi!

"We mama Siwema! Unapandikiza au unaogelea?" Balbina alipaza sauti kutoka jaruba la pili. Alikuja mbio, akamvuta hadi ukingoni.

"Niache! Umeniloga mguu, sasa umekuja kunicheka?"

Balbina alichuchumaa. Macho yake yalikuwa kwenye kifundo cha Levina, juu ya utepe wa mpira wa baiskeli aliokuwa akiufunga kila siku kwenye suruali ili ruba wasipande. Akaufungua. Chini yake ngozi ilikuwa imebonyea, nyekundu.

"Nani kakufunga hivi?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi mchawi wako nimemwona."

Alimkokota hadi zahanati. Daktari Hermenegildi aligonga kwa kidole nyuma ya kifundo, upande wa ndani, Levina akaruka.

"Hapa ndipo mshipa wa fahamu unapopita, na njia yake ni nyembamba," daktari alisema. "Kiatu cha kubana, uvimbe, hata teguko la zamani huweza kuukandamiza. Wewe umeukaba kwa mpira. Acha kuufunga, mama, upumzishe mguu, kisha urudi nikuone."

Kesho yake Levina aliketi ukingoni, mguu wazi. Balbina alikuwa tayari ameinama kwenye jaruba la Levina.

"Nisamehe, mama Edna," Levina alimwambia.

"Nirushie miche, maneno baadaye!"

Levina akarusha. Upepo ulipita juu ya maji, na kwa mbali, kama mgeni anayebisha hodi, akahisi ubaridi wa nyasi chini ya unyayo. Akaukumbuka ule mpira, akatabasamu kwa haya. Hakika, kikulacho ki nguoni mwako.