Kwa Nini Upepo Haupenyi Ukuta wa Hekalu la Mlimani

Sogeeni, wajukuu, sogeeni mpaka magoti yagusane. Anayetafuna ameze, na yule anayemfinya mwenzake amwache. Masikio tu ndiyo nayataka.

Hapo kale, mbali ng'ambo ya bahari, juu kwenye milima ya baridi, watu walipanga mawe vivi hivi na kuziba nyufa kwa matope. Hata hekalu lao lilikuwa hivyo. Kila sikukuu ya jua, upepo ulijipenyeza ukazima moto mtakatifu kabla hakujapambazuka. Wazee wakachoka. Wakasema moto ukizimika tena, kijiji kizima kitahamia bondeni.

Neno hilo lilimchoma Wara, mchonga mawe. Mama yake alikuwa mkongwe, na alishaapa hashuki mlima ule akiwa hai. Angeachwaje peke yake? Basi Wara akachonga, akasugua, lakini kila jiwe alilolipandisha lilikataa kutulia juu ya mwenzake.

"Shemeji," akasema Chanka, mdogo wa mumewe na fundi mwenzake, "ufa huo hata punda anapita na mzigo."

"Mpitishe basi, labda yeye atanisaidia kazi."

Sikukuu ilipokaribia, wanawake walijipaka udongo mwekundu mashavuni, kama desturi yao. Wara naye alijipaka, akarudi kazini, akaegemeza shavu kwenye jiwe asikilize upepo unapopita.

"Leo umebusu jiwe," Chanka akacheka. "Kaka nimwambieje?"

Wara alikuwa akitazama ule wekundu ulioachwa jiweni na shavu lake: ulishika penye vinundu tu, penye bonde hapakuwa na kitu.

"Lete udongo, Chanka. Jiwe lenyewe litatuonyesha lilipovimba."

Wakapaka jiwe la chini, wakateremsha la juu kwa kamba, wakalinyanyua. Palipoingia wekundu wakapagonga kidogo, wakarudia, wakarudia, hadi uso mzima wa jiwe ukatoka mwekundu. Mawe hayo mawili yalikuwa yamegusana kotekote. Wakaendelea hivyo jiwe kwa jiwe, hadi ukuta wote wa hekalu ukaisha.

Alfajiri ya sikukuu upepo ulikuja kwa kishindo, ukazunguka hekalu, usione pa kuingilia. Moto ukawaka hadi jua likachomoza. Mama yake Wara, aliyeletwa mgongoni kwa Chanka, akajipepea kwa kiganja.

"Mbona joto hivi? Hamkuacha hata ufa?"

Na tangu siku hiyo mawe ya kule hukaa bila matope, na hata jani la nyasi halipiti katikati yake. Waashi walirithi udongo mwekundu. Mjusi, aliyepoteza nyumba yake ya nyufani, alirithi kuota jua juu ya ukuta. Na Chanka? Alirithi kumbeba yule bibi kila sikukuu, maana mgongo mwingine aliukataa katakata.