Jiko la Mlinzi na Joto la Mbinguni

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali ya kipupwe kilichopita, nilikosa. Naanza na kosa langu ili Mungu asinikute nalipamba.

Nilikuwa mlinzi kwenye kilima kimoja cha Makete, baridi ya kugandisha umande. Pale palikuwa na mtambo wa kupima joto lililobaki angani tangu Mungu alipouanzisha ulimwengu. Wanasema limepoa kuliko barafu, na bado ni joto. Nilielezwa mara nyingi, mpaka leo linanichanganya. Binti mmoja, Tumpale, alipima ukali wake. Mwenzake Ngajilo alipima ulalo wake, maana mawimbi ya joto lile huweza kulalia upande mmoja, kama nyasi zilizopitiwa na upepo. Msimu ukiisha, angebaki mtu mmoja tu kati yetu na mtambo, kwa kazi ya kudumu.

Amri ilikuwa moto usiwashwe kilimani. Mimi kila alfajiri niliwasha jiko nyuma ya uzio wa mabati, nipashe moto maji ya kushika udhu. Nilijiambia moto wa ibada hauhesabiki. Maji yakibaki, nilimchemshia Tumpale chai.

Tumpale akaona joto limezidi. Akapima tena, limezidi. Akapima siku arobaini, limezidi, na ni alfajiri tu. Akajua saa, hakujua mahali.

Ngajilo akaona ulalo. Akafurahi, akadhani ni wa mbinguni. Akaugeuza mtambo huku na huku, ulalo ukang'ang'ania upande wa mabati. Akajua mahali, hakujua kitu.

Kitu nilikijua mimi. Nikanyamaza, naogopa kufukuzwa. Siku ya arobaini na moja, nimetoka kusali, nikamwendea Dokta Kisanji, mkubwa wetu, nikamwambia ni jiko langu. Nikangoja kufukuzwa. Akanipa mimi ile kazi. Alisema mtambo ule unataka mtu wa kujisema mwenyewe.

Ngajilo akacheka kwa uchungu. "Basi kesho nami nawasha jiko, natubu, napewa gari. Mahali nilipaonyesha mimi."

Nikamkumbusha kuwa mabati yale aliyasimamisha yeye, kukinga upepo, na joto la jiko liligonga hapo likalalia upande mmoja.

"Na mimi, Mzee Swedi?" Tumpale akauliza. "Siku arobaini unaniona vidole vimekufa ganzi, napima kosa lako. Bila saa yangu, nani angetafuta?"

"Chai ulikunywa, mwanangu. Hukuuliza imechemkia wapi."

Akakitazama kikombe mkononi mwake. "Sikuuliza," akasema.

Tangu hapo kichwa changu hakitulii. Barua ya kazi ninayo mfukoni, sijaitia sahihi, na inatakiwa Ijumaa. Aliyejua saa akanywa chai. Aliyejua mahali akasimamisha mabati. Aliyejua kitu akanyamaza, kisha akasema. Je, nani alistahili? Wewe uliyenisikiliza, naomba unijibu kabla ya Ijumaa. Ukinitajia mwingine, barua nitampelekea kwa mkono wangu.