Kigoda cha Bi Kidawa na Maji ya Zambarau

Haya, sogeeni. Mwenye shaka aiache mlangoni pamoja na viatu, ataikuta akitoka. Hadithi hii imesimuliwa harusini, imesimuliwa na kwenye arubaini, lakini haijapata kusimuliwa vizuri kama itakavyosimuliwa sasa hivi. Bwana harusi mmoja alikaa kuubishania mwisho wake mpaka wakaja kumbeba na kiti chake. Kazi ya msimulizi ni kuifikisha. Kuikata ni kazi yenu.

Palikuwa na watu watatu mtaa wa Ndongoni, na kila mmoja Mungu alimpa chake.

Mwajabu, mama muuza kamba wa baharini, alipewa kutotupa kitu. Nyama ya kamba aliiuza, vichwa alivipikia mchuzi, maganda akawapelekea wafuga kuku. Hata harufu, walisema watu, aliibakiza nguoni ili jirani asiye na kitoweo apate cha kulia ugali.

Makame, msuka mazulia ya usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, alipewa vidole. Alichokikaza Makame hakilegei. Mbuzi aliyefungwa na Makame hufa kwa uzee palepale kigingini.

Sikudhani, mtia rangi, alipewa ubishi. Ukimwambia kaa, anasimama. Ukimwambia simama, anauliza umempa kiti gani hata asimame. Aliolewa Ndongoni akitokea Korogwe, akaingia ua wa batiki wa wanawake, akawekwa mwisho wa mstari. Michoro yake ilinunuliwa sana lakini haikuwa na jina. Wateja walisema, "Nipe ile ya yule mgeni." Amezaa pale, amezika mume pale, na bado mgeni.

Jina la mchoro halikutoka hivihivi, ndugu zangu. Lilitoka kwenye kigoda. Msimu ukifunguka, anayekikalia kigoda cha uani ndiye huchovya kitambaa cha kwanza, na mchoro wa msimu huitwa jina atakalolitamka yeye. Jina hilo hutembea mjini migongoni mwa watu hata mwenyewe akishaoza. Bi Kidawa, aliyeuanzisha ua ule, alipokuwa anakata roho aliwaita wote.

"Kigoda changu asikikalie mkubwa wenu," alisema, "wala asikikalie mzuri wenu. Akikalie atakayeuokoa ua huu siku utakapotaka kufa."

Akafa. Kigoda kikabaki kitupu, na waliothubutu kukikalia ni kuku tu.

Ikaja siku ya ua kutaka kufa. Maji ya rangi yalikuwa yakitoka kwa mtaro chini ya ukuta, yanaingia mtoni, na huko chini watu wamelima mchicha. Mchicha ukaota na michirizi ya buluu. Bata wakarudi nyumbani zambarau, wenyewe hawajui ni wa nani. Wakulima wakapiga kelele, na Bwana Afya akaja na kofia yake, akasimama getini.

"Ijumaa baada ya swala narudi na saruji," alisema. "Nikikuta maji ya rangi, mtaro naziba."

Bila mtaro hakuna kumwaga, na bila kumwaga hakuna kutia rangi. Wanawake wakainamisha vichwa. Sikudhani hakuinamisha.

"Saruji yako njoo nayo na kijiko, Bwana Afya. Utaila mwenyewe."

"Na mchicha wa watu je, mama?"

Mchicha ule hata Sikudhani aliula. Moyoni aliona mambo mawili yamekaa sawasawa: wakulima wana haki, na ua haufungwi. Mwenye akili nyingi angechagua moja. Yeye akayashika yote mawili.

Sasa sikilizeni alichofanya Mwajabu. Kitambaa cha batiki kabla ya rangi huchemshwa na kostiki, ile soda kali inayochubua mikono, ili wanga utoke. Siku ileile aliyokuja Bwana Afya, wanawake walikwenda kuswali adhuhuri, sufuria kubwa ikabaki jikoni inatokota kostiki bila kitambaa. Mwajabu alikuwa hana kuni. Maganda yake yananuka, na wafuga kuku hawayataki yakinuka. Akachungulia huku, akachungulia kule, akatumbukiza kapu zima la maganda kwenye sufuria ya watu. Wanawake waliporudi walimkuta amekaa kando anajipepea.

"Mwajabu! Unapika supu kwenye kostiki?"

"Moto wenu ulikuwa unawaka bure, dada zangu. Mimi sipendi kitu kipotee."

Yakaachwa yachemke mpaka alasiri, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuyagusa. Sikudhani, wa mwisho mstarini, ndiye aliyeambiwa ayatoe. Akayaopoa, akayasuuza na kuyasuuza tena. Yalikuwa yamekuwa meupe, laini kama ngozi ya kitunguu. Akayaweka katika beseni, akanusa mikono yake, akakunja uso.

Sikilizeni na alichofanya Sikudhani. Harufu ya kamba haitoki mkononi ila kwa ndimu, kila mtu anajua. Lakini ndimu katika ua ule ilikuwa marufuku tangu enzi za Bi Kidawa. Tone moja la uchachu likiingia kwenye pipa, rangi inakufa. Aliyekula achari alisukutua mdomo getini kabla ya kuingia. Sikudhani alikuwa na hasira ya Bwana Afya, na hasira ya kuopoa uchafu wa wengine. Akachomoa ndimu kwenye fundo la kanga, akazikamua palepale uani, juu ya beseni lilelile. Asubuhi maganda hayakuwepo. Beseni lilikuwa limejaa ute, mzito kama wa bamia.

Wakubwa wa ua wakaja juu.

"Umeleta ndimu humu! Hujui ndimu inaua rangi?"

"Inaua rangi?" Sikudhani aliuliza taratibu.

"Inaua! Mgeni wewe, hujafundishwa?"

"Nimefundishwa. Na ile rangi ya mtaroni mnataka tuifanyeje, tuilee?"

Akateka ndoo ya maji machafu ya zambarau, akakamulia ndimu. Rangi ikabaki ileile. Mmoja akacheka. Sikudhani akachota ute wa beseni, akamimina, akakoroga kwa mti. Kicheko kikakatika. Rangi ilianza kukimbiliana, ikashikana mabonge kama maziwa yaliyokatika, na katikati ya mabonge maji yakatulia, meupe kama ya dafu. Mwajabu aliyekuwa getini akatupa kapu.

"Maganda yangu yanakula rangi!"

"Yaliyolainishwa na ndimu yangu," alisema Sikudhani.

Siku iliyofuata wakajaribu kwenye mtaro wenyewe, na hapo ndipo walipoaibika. Maji yalikuwa na mwendo. Mabonge yakaundika vizuri, kisha yakaelea zake kwenda mtoni, na bata wakayafuata wakidhani wameletewa chakula.

Sikilizeni sasa alichofanya Makame. Mwanamume haingii ua ule, hata akiwa fundi bomba. Lakini ukuta haukatazi masikio, naye karakana yake ilikuwa upande wa pili.

"Enyi wanawake!" aliita. "Mnakamata mwizi halafu mnamwachia mlango?"

"Una maneno au una kazi?" alijibu Sikudhani.

"Nina vidole."

Akachukua usumba wa makumbi ya nazi, akausuka zulia zito kuliko la mlango wa msikiti, akalikunja likawa tabaka juu ya tabaka, akalisimamisha kwa nje, pale mtaro unapotokea chini ya ukuta. Mabonge yakafika, yakagonga, yakakaa. Yakapita maji peke yake. Makame akasema hata jina la rangi lisingepita.

Ijumaa Bwana Afya alitoka msikitini moja kwa moja, kanzu nyeupe peee, nyuma yake fundi anasukuma toroli la saruji ambayo imeshatiwa maji. Wakulima wa mchicha wamemfuata. Wakubwa wa ua wakanong'ona kwamba leo isimwagwe hata tone, aone mtaro mkavu aende zake.

"Leo tufiche, na kesho?" Sikudhani alisema. "Mwageni yote."

"Yote?"

"Nyekundu, buluu, na ile ya zambarau iliyolala. Mapipa yote!"

Mwajabu akamwaga ute uliotoka kwenye kila ganda alilokuwa nalo, kuku wa mji mzima wakakosa. Sikudhani akakamua ndimu mpaka vidole vikamwasha. Nje, Makame akalipigia zulia lake goti, akalishikilia kwa mabega. Mtaro ukanguruma kwa rangi zote za sikukuu, ukagonga usumba, ukanyamaza.

"Chovya kanzu yako, Bwana Afya," Sikudhani aliita kutoka getini. "Au waogopa?"

Watu wakamtazama. Akainama, akachovya pindo, akalikamua, akalinyanyua juani. Jeupe. Mkulima mmoja akapiga vigelegele, mwanamume mzima.

"Na saruji hii?" fundi aliuliza. "Itanigandia."

Makame, bado amepiga goti, akasema, "Mwaga hapa, nijengee kizingiti cha zulia langu." Ndiyo maana mpaka leo saruji iliyokuja kuziba mtaro ndiyo inayolishikilia chujio lake.

Ua ukapona. Na ua ulipopona, kila jicho likageuka kutazama kigoda.

Mwajabu akasema, "Ni changu. Bila maganda yangu mngekamua ndimu mpaka Kiyama." Wakamjibu: uliiba moto wa watu, hukukusudia kuokoa kitu.

Makame akasema ng'ambo ya ukuta, "Ni changu. Bila zulia langu uchafu wenu ungekuwa matumboni mwa bata." Wakamjibu: wewe hata mlango huingii, utakaliaje kigoda?

Sikudhani je? Alikuwa ameshasimama mbele ya kigoda, kanga ameikaza, jina la mchoro liko kwenye ulimi. Alilitunga miaka ile yote ya kuitwa mgeni. Mkubwa mmoja akamwambia, "Ulivunja sheria ya mwenye kigoda. Utakaaje juu yake?"

"Sheria yake ndiyo iliyoniambia kinachoua rangi," alisema. "Nyinyi mliisikia mkaogopa. Mimi niliisikia nikaitumia."

Akaanza kuinama. Mwajabu akashika mguu mmoja wa kigoda. Kutoka juu ya ukuta ukashuka mkono wa Makame, vidole vilevile, ukashika mguu wa pili. Na alichokishika Makame, mnakijua.

Wako hivyo hadi sasa. Msimu umefunguka, maji yanatokota, kitambaa cha kwanza kiko juu ya pipa na hakuna wa kukichovya. Wala usije ukaniambia wakae wote watatu; kigoda cha Bi Kidawa kina nafasi ya kalio moja.

Haya, wewe uliyekuwa unatikisa kichwa tangu mwanzo kama unajua: nani akae?