Ukoko wa Bi Somoe

"Jungu kuu halikosi ukoko." Mmeisikia leo kwa shangazi yenu na tayari mnaisema kila mahali, ila ukiwauliza imetoka wapi mnatazamana. Haya, kaeni niwaeleze methali hii ilivyoanza.

Palikuwa na harusi kwa kina Mize. Aliyeolewa ni mdogo wake, na Mize aliapa kwamba jikoni siku hiyo atashika yeye. Mpishi wa harusi zote pale kijijini alikuwa Bi Somoe, ambaye mvi zake zote ziliotea kwenye moshi. Mize akamtandikia mkeka kando ya jiko. "Bibi, umeshawapikia watu sana. Leo kaa ule." Alisema kwa adabu, lakini maana yake ilikuwa nipishe. Bi Somoe akakaa, akatafuna tambuu yake.

Wali wa nazi uliiva vizuri, maana Mize hakuwa mpishi mbaya. Kosa lake ni kuamini idadi aliyoambiwa. Upande wa bwana harusi walisema watakuja watu themanini, na nani kawahi kuona harusi ya watu themanini ikalisha watu themanini? Jungu lilikuwa limeshapakuliwa lote ndipo alipoingia mama wa bwana harusi na dada zake sita, waliochelewa kwa kujipamba.

Mize akachungulia jungu, akaona ukoko mtupu ulioganda chini. Wakwe wakiondoka na njaa, mdogo wake angesimangwa maisha yake yote, na kupika upya ni saa nzima. Akachukua ndoo ya maji alirowekee jungu, angalau mikono ipate kazi.

"Usitie maji," Bi Somoe akasema pale mkekani. "Lirudishe kwenye makaa, unyunyizie tui, ufunike."

"Bibi, wakwe tuwape ukoko?"

"Mama wa bwana harusi si Riziki? Harusi yake nilipika mimi. Alitoroka chumbani, akaja jikoni na hina mbichi mikononi, akaniomba nimlishe ukoko. Fanya ninavyokwambia, mjukuu wangu."

Mize akafanya. Alipofunua, ukoko ulikuwa umeachia wenyewe, mapande mapana yenye rangi ya asali. Bi Somoe akaupanga kwenye sinia, akaumwagia tui zito lenye hiliki.

Sinia likapelekwa. Mize akajibanza nyuma ya pazia. Mara kikalipuka kicheko, kwa kuwa Bi Riziki na dada yake mkubwa walikuwa wameng'ang'ania kipande kimoja, na hakuna aliyekuwa tayari kukiachia.

Baadaye Bi Riziki akaja jikoni akilamba vidole, akammwagia Mize sifa. Mize alizitamani sifa zile, lakini furaha ilimzidi, akamwonyesha mkekani. "Mimi niliona jungu limekwisha, mama. Aliyejua kilichobaki ni yeye."

Bi Riziki akamtambua yule mzee, akapiga magoti kumshika mkono. "Kumbe ni wewe," akasema, na wakacheka wote watatu mpaka machozi.

Harusi iliyofuata, Mize alikwenda mwenyewe kumchukua Bi Somoe nyumbani kwake. Wasichana wa jikoni walipomnong'oneza Mize wakiuliza kikongwe yule atawafaa nini, aliwajibu huku akimtandikia mkeka karibu kabisa na moto:

"Jungu kuu halikosi ukoko."