Mbwa Aliyelishwa Wima

Hii nilisimuliwa na mtu aliyeshindwa kuimaliza bila kulia. Nawapeni kama ilivyo.

Lutengano, mkulima wa viazi, alikuwa na mbwa aitwaye Chui. Miaka sita Chui alifukuza ngedere shambani. Kisha akaanza kurudisha kila alichokula. Majirani wakasema ni ulafi. Lutengano, Mungu amsamehe, akamchapa na kumpunguzia chakula mpaka mbwa akabaki mifupa.

Bwana mifugo alipomwona alitikisa kichwa.

"Huyu si mlafi. Koo limelegea, chakula hakishuki. Mlishe uji mzito akiwa wima, halafu mshikilie hivyo hivyo robo saa. Hatapona, ila ataishi."

Basi asubuhi na jioni Lutengano alimkalisha Chui ndani ya kreti kuukuu la soda, akamlisha kwa mkono, akamkumbatia mpaka uji ushuke. Chui akanenepa. Kijiji nacho kikapata la kucheka: mwanaume mzima ananyonyesha mbwa.

Siku moja akaja Mwaisaka, baba wa mume wa binti yake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika pale, na mgeni wa namna hiyo huchinjiwa jogoo. Lutengano akaona haya. Akaficha kreti nyuma ya banda, akamtupia Chui ugali chini, kama mbwa wengine wanavyotupiwa.

Chui alikula mbiombio huku akitikisa mkia. Kisha akapaliwa. Chakula kilimwingia mapafuni. Kesho yake akawaka homa, na siku ya tatu akafa, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Lutengano.

Mwaisaka alikuwa bado yupo. Akauliza taratibu, "Mzazi mwenzangu, mbona hukumlisha wima?"

"Umejuaje habari hizo?"

"Zilifika hadi kwetu. Ndizo zilizonileta. Mke wangu tangu apooze hamezi, kila kijiko kinampalia. Nilitaka unionyeshe unavyofanya. Nilipoona unamtupia ugali, nikadhani watu walikuzulia tu, nikaona haya kuuliza."

Lutengano akachukua jembe. Walichimba shimo pamoja, na hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake usoni.

Funzo: Usimwache anayekutegemea kwa kuogopa macho ya watu. Aibu yako itapita baada ya siku mbili, lakini yeye hatarudi.