Kiboko Alivyokula kwa Muda wa Donge

Paukwa!
Pakawa.
Ghala!
La karanga.
Mlinzi!
Mlafi.
Haya, kaeni vizuri, na nyinyi wa nyuma acheni kusukumana.

Hapo kale wanyama walikuwa na mtambo wa kugonganisha viini vizito vya atomi. Kiini kikirushwa kwa kiini, puu, vinashikana donge moja la moto. Linatetema, linatetema, halafu pwaa, linapasuka mapande mawili. Mtambo ulinguruma vruuu tangu jua kuchomoza hadi kuzama.

Kiangazi kilikuwa kikali, na ghala la karanga lilikuwa la wote. Lakini Kiboko, aliyejifanya mlinzi kwa ubavu wake, akatangaza atakula kwanza yeye. Kindi alikuwa na watoto wachanga kwenye tundu la mti, akaogopa kweli, maana akila Kiboko halibaki hata ganda.

Akamwendea. "Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Sema upesi, tumbo linanisubiri."

"Kula kwanza, mzee wangu, ndiyo heshima yako. Ila tuweke kipimo. Kula kwa muda ule donge linaokaa kabla ya kupasuka."

Kiboko akasikiliza mtambo, vruuu, vruuu. Akajisemea, kumbe kupasuka ni kazi ya kutwa, basi nitakula kutwa. Akaapa mbele ya wanyama wote kwamba akizidisha muda, ulinzi wa ghala si wake tena.

Kindi akaingia mtamboni. Donge lenyewe halionekani, wala hakuna saa ya kuliwahi. Lakini alijua donge la moto hutema punje ziitwazo nyutroni, kama uji unavyoruka chunguni: ukikawia motoni, unaruka zaidi. Zinazotemwa baada ya kupasuka hufuatana na mapande, za kabla yake hutawanyika kila upande. Akatega mitego yake, tik, tik, tik, akazihesabu zile za kabla. Akatoka anatabasamu.

"Mzee, habari njema. Wataalamu walidhani donge linapasuka upesi. Kumbe linachelewa, mara kumi ya walivyodhani."

Kiboko mate yakamtoka. "Mara kumi? Leteni magunia."

"Uko tayari?"

"Tayari."

"Anza. Basi, muda umekwisha."

"We Kindi, mbona hata mdomo sijafungua?"

"Nilisema donge linachelewa, mzee. Sikusema linachelewa kama wewe."

"Na ule mngurumo wa kutwa nzima?"

"Yale ni madonge yasiyo na idadi, moja baada ya jingine, na hakuna linalokaa hata muda wa kupepesa jicho. Wewe uliapia muda wa donge moja."

Wanyama wote walikuwa wanamtazama. Kiboko akafumba mdomo uliokuwa ndiyo kwanza unafunguka, akashuka mtoni kula majani. Kindi akagawa karanga, kila nyumba fungu lake, na watoto wake wakalala wameshiba.

Hadithi yangu ndiyo hiyo. Ikiwa tamu tafuneni, ikiwa chungu nirudishieni nikaikaange upya. Na funzo lake, wanangu, mkimuuliza Kiboko, ni hili: elimu haina faida. Mkiona chakula kuleni kwanza, vipimo viwakute mmeshashiba.