Pimbi Aliyesema Sikubali

Paukwa!

Pakawa!

Kaondokea pimbi, kajenga nyumba jiwe. Mlango wake upepo, dari lake mbingu. Nyie wa nyuma mmeitika, au mnatafuna? Haya, sogeeni.

Hapo kale, wanyama wa kilimani walikuwa na desturi yao ya baraza. Mkubwa wao, Mzee Nyati, akitoa shauri huuliza mara tatu: "Mmekubali?" Nao huitika: "Tumekubali!" Anayenyamaza huhesabiwa amekubali. Asiyetaka alikuwa na neno moja tu, "Sikubali." Akilitamka hupanda juu ya kichuguu mbele ya wote, na hashuki mpaka aseme anakubali nini badala yake.

Lakini Fisi alikuwa amelichafua neno hilo. Harusini, sikubali. Msibani, sikubali. Kwenye ngoma, sikubali. Akiulizwa basi anakubali nini, anacheka. Wakamfukuza, na tangu siku hiyo neno likawa kama tusi. Mtoto akilitamka, hufinywa.

Mwaka mmoja ukaja ukame. Nyasi zikaisha kilimani, zikabaki chini korongoni tu. Mzee Nyati akatangaza kwamba kesho ni baraza: wahamie korongoni wote, wale huko na walale huko.

Pimbi aliposikia, alipanda mwambani akatazama tena. Yeye ndiye aliyekaa juu kuliko wote, na kwa siku tatu alikuwa ameona mawingu meusi kwenye milima ya mbali. Maji ya korongo hutoka huko, nayo huja bila kubisha hodi, hata kama hapa jua linawaka. Alikuwa na watoto watatu, miguu yao mifupi kama vidole. Wangekimbilia wapi? Na wakibaki mwambani peke yao, Chui angewamaliza kabla ya wiki kwisha.

Akaenda kwa Swala. "Shoga, naogopa korongo. Waonaje?"

"Naona kama wewe. Ila mimi roho yangu ndogo. Sema wewe."

Akaenda kwa Kobe. "Kaka, naogopa korongo. Waonaje?"

"Naona kama wewe. Ila Mzee Nyati ni mkwe wangu. Sema wewe." (Ukwe huo ulikujaje, msiniulize.)

Akaenda kwa Ngiri. "Jirani, naogopa korongo. Waonaje?"

"Naona kama wewe. Ila wewe ndiye unayejua kusema. Sema wewe."

Asubuhi baraza likajaa.

"Tuhamie korongoni. Mmekubali?"

"Tumekubali!"

Pimbi akajipenyeza mbele.

"Mmekubali?"

"Tumekubali!"

Akamtazama Swala. Swala alikuwa akitazama kwato zake.

"Mmekubali?"

"Tume..."

"Sikubali!"

Mama mmoja akamziba mwanawe masikio.

"Pimbi," akasema Mzee Nyati, "unanitukana?"

"Sikutukani, Mzee wangu. Wewe nakukubali. Kulala korongoni ndiko nisikokubali."

"Panda!"

Akapanda kichuguuni.

"Haya. Unakubali nini?"

"Nakubali njaa imetuzidi. Lakini siku tatu hizi nimeona mawingu meusi milimani, na maji ya huko hushukia korongoni. Nakubali tushuke mchana tukale, na mmoja wetu abaki juu akiangalia milima. Jua likitua, tupande tulale huku."

Mzee Nyati akapuliza pua. "Siku tatu nitakufuata. Maji yasipokuja, utahama wewe na wanao."

Siku ya kwanza, jua. "Pimbi, maji yako wapi?" Siku ya pili, jua. "Pimbi, maji yako wapi?" Kushuka na kupanda kuliwachosha, wakanuna. Pimbi hakula. Aliwahesabu watoto wake, akawahesabu tena, kana kwamba wameshaanza kupotea. Alfajiri ya siku ya tatu mbingu ilikuwa nyeupe pe, hata yeye mwenyewe akajiuliza kama kweli aliyaona yale mawingu.

Ndipo ardhi ikanguruma. Maji yakashuka korongoni, mekundu, yamebeba miti mizima na mizizi yake. Yakapita juu ya nyasi zile, juu ya kila mahali ambapo wangelala.

Wanyama wakasimama ukingoni. Mzee Nyati akamwinamia Pimbi. "Ungenyamaza," akasema, "ningewaua wote, nao wangekuwa wamekubali."

Hapo wakaja mbio Swala, Kobe na Ngiri. Kobe, bila shaka, alifika mwisho. "Pimbi wetu! Tulikuwa pamoja nawe moyoni!"

Pimbi akawatazama, watoto wake watatu wamejibanza ubavuni.

"Moyoni mlikuwepo," akasema. "Kichuguuni sikuwaona."

Basi wenzangu, sikubali si tusi wala si ugomvi. Ni neno la kusemwa kwa adabu, kabla mambo hayajaharibika, nawe uwe na jingine la kuweka mahali pake.

Hadithi yangu imeishia pale ukingoni. Ng'ambo sijui kulitokea nini, maana kuogelea sikufundishwa.